Ukoko wa choo: namna ya kuuondoa bila kujitia sumu, kwa nyumba zinazotumia maji ya kisima Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu lalamiko ni lile lile, kuanzia Chumbageni hadi Makorora, na kosa linalofuata lalamiko hilo nalo ni lile lile. Mwenye nyumba anaona ukoko wa rangi ya kahawia ukizunguka ndani ya choo, anamwaga jiki, ukoko unapauka na kuonekana umetoka, kisha baada ya siku chache rangi inarudi. Anaongeza jiki. Inaporudi tena, anakwenda kununua asidi ya choo na kuimwaga mahali pale pale, mara nyingi siku ile ile, na hapo ndipo kifua kinapombana na macho kuwaka, ilhali ukoko bado uko palepale.

Sababu ya kushindwa ni moja: ukoko huo si uchafu, ni jiwe. Maji ya visima vingi vya hapa yamepita katika mwamba wa chokaa, yakabeba chokaa ndani yake, na kila yanapokauka ukutani mwa choo huacha tabaka jembamba ambalo baadaye hushika rangi ya kutu na ya mkojo. Jiki hupausha rangi na kuua vijidudu, lakini haiyeyushi chokaa hata ukimwaga galoni nzima. Kinachoyeyusha chokaa ni asidi. Vitu hivi viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa chini imepangwa ili visikutane.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu kutoka katikati ya kazi kwenda kutafuta brashi huku mikono imelowa asidi ndiyo njia ya kuacha asidi kwenye kitasa cha mlango.

- Ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ile inayouzwa kwenye maduka ya viungo. Vijiko vitano vya chakula vinatosha kwa lita moja ya maji. Ukiikosa, tumia siki nyeupe lita moja bila kuiongeza maji.
- Sabuni ya maji au ya unga, kiasi kidogo.
- Brashi ya choo yenye nywele ngumu za plastiki. Waya wa chuma wa kusugulia masufuria usiutumie, kwa kuwa huchubua ung'avu wa choo, na kila mchubuko ni mahali papya pa chokaa kushika.
- Mipira ya mikono inayofika juu ya kifundo, viatu vilivyofunika vidole, na miwani yoyote inayokinga macho.
- Kopo la kuchotea, ndoo mbili za maji safi, na matambara mawili ya zamani.
- Birika au sufuria ya kupashia maji, isiwe ya alumini kama utachanganyia ndimu ya unga humo humo.

Wengine huuliza kama ndimu zenyewe zinafaa. Zinafaa, kwa kuwa maji yake yana asidi hiyo hiyo kwa karibu asilimia 5, lakini utakamua nyingi mno kwa kazi ambayo pakiti moja ya unga ingeimaliza. Machungwa ya Muheza hayana ukali wa kutosha; hayo yaacheni kwa kunywa.

Vitu vya kutoa nje ya choo kabla ya kuanza ni jiki, spiriti, kostiki (soda kali ya kuzibulia mabomba), dawa za kupuliza na chupa yoyote isiyo na karatasi ya maelezo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni chokaa

Usikisie. Punguza maji ndani ya choo ili sehemu ya ukoko iwe wazi, idondoshee matone machache ya siki na uangalie kwa karibu. Vikitokea vipovu vidogo vidogo vinavyopanda taratibu, kama vya soda iliyokaribia kuisha gesi, hiyo ni chokaa inayoyeyuka. Ukikwangua kidogo kwa kijiti utasikia inakwaruza, na chembe zitakazotoka ni ngumu na zinavunjika.

Ukoko wa njano iliyokolea usiotoa vipovu hutokana mara nyingi na mkojo uliogandamana na madini ya maji. Huo nao hulainishwa na asidi, ila kwa muda mrefu zaidi. Rangi ya machungwa iliyokolea, hasa ikishuka kama mchirizi kutoka juu, ni kutu ya chuma kutoka kwenye maji au bomba, na ndimu ya unga huitoa vizuri kuliko siki. Doa jeusi lenye utelezi kwenye pembe za bafu si jiwe kabisa: huo ni ukungu, unatoka kwa sabuni na kusugua, na haurudi haraka mahali penye hewa.

Mwenye kutaka ushahidi mwingine aangalie ndani ya birika la chai. Kama maji yanayoingia chooni ndiyo yanayochemshwa jikoni, ganda jeupe lililo chini ya birika ni la aina moja na lile la chooni, tofauti ni rangi tu. Mapango ya Amboni yalichongwa kwa njia hii hii: maji ya mvua yenye asidi hafifu yaliyeyusha mwamba wa chokaa polepole kwa muda mrefu sana. Wewe unafanya kazi hiyo kwa usiku mmoja kwa kuwa asidi yako ni kali kuliko mvua.

## Hatua ya 2: Ulizia nani alimwaga nini, na lini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayopeleka watu hospitali. Kabla ya asidi yoyote kuingia chooni, ni lazima ujue kama kuna jiki iliyobaki humo. Katika nyumba za kupanga za Ngamiani, ambako choo kimoja hutumiwa na vyumba vitano au sita, mpangaji mmoja anaweza kuwa amemwaga jiki alfajiri na kwenda zake kazini, na wewe unaingia saa nne na chupa yako ya asidi bila kujua. Muulize dada wa kazi, waulize wapangaji wenzako, na uwaombe wasimwage chochote mpaka kesho. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasaidia zaidi kuliko ahadi.

Angalia pia ndani ya tangi la choo. Vidonge vinavyowekwa humo ili maji yatoke na rangi au harufu nzuri si vya aina moja, na baadhi yake hutoa klorini kila choo kinapovutwa. Kitoe kidonge hicho na uvute maji mara kadhaa.

Kama jiki ilitumika leo, acha kazi mpaka kesho. Vuta au mwaga maji mengi leo, na mengine kesho asubuhi. Hakuna ukoko wa haraka kiasi hicho.

## Hatua ya 3: Fungua hewa, na ujipange mwenyewe

Fungua mlango na dirisha, na kama choo kina tundu tu la juu ukutani, mlango ubaki wazi muda wote wa kazi. Watoto wakae mbali, na mwenye pumu asipewe kazi hii.

Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini. Anayesafisha choo cha kuchuchumaa huinama uso ukiwa karibu na sakafu, yaani mahali pale pale ambapo gesi hujikusanya, na mtoto anayesimama mlangoni pua yake iko chini kuliko ya mama yake. Tumia brashi yenye mpini mrefu, simama, na mlango uwe nyuma yako ili njia ya kutokea isizibwe na ndoo.

Dawa za kupuliza zimeondolewa katika mwongozo huu kwa sababu maalumu. Kinachopulizwa hugeuka matone madogo yanayoingia hadi ndani ya mapafu, wakati kile kile kikimwagwa hubaki pale kilipomwagwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norway, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa takriban miaka 20, na wakaona kwamba wanawake waliokuwa wakifanya usafi, wa nyumbani au wa kazi ya mshahara, nguvu ya mapafu yao ilipungua haraka kuliko ya wasiofanya usafi. Harufu kali inayokufanya ukohoe si alama ya usafi. Ni kemikali iliyo tayari kifuani mwako.

## Hatua ya 4: Sabuni kwanza

Safisha choo kizima kwa maji na sabuni kama kawaida, kisha suuza vizuri. Mafuta, kinyesi na utando wa sabuni hufunika chokaa na kuizuia asidi isiifikie.

Hatua hii haihitaji maelezo marefu, ila ujue kwamba sabuni haipendi maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Ukiona haitoi povu, usiongeze sabuni mara tatu. Tumia maji ya bomba au ya mvua kwa hatua hii. Sabuni nyingi isiyofanya kazi huishia kwenye mtaro, na viumbe wa majini, hasa samaki, huumizwa na sabuni kwenye matamvua yao.

## Hatua ya 5: Weka asidi nyepesi, uiache usiku

Pasha lita moja ya maji hadi yawe ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kwa kuwa maji yanayotokota yanaweza kupasua choo cha kauri kilicho baridi. Koroga ndani yake vijiko vitano vya ndimu ya unga mpaka iyeyuke.

Sasa ondoa maji yaliyotuama ndani ya choo. Chota kwa kopo, au yasukume kwa brashi yaende ndani mpaka yapungue chini ya mstari wa ukoko. Usipofanya hivyo, lita yako moja itachanganyika na maji ya choo na kugeuka maji yenye uchachu kidogo tu, na asubuhi utalaumu ndimu bure. Wengi wanaosema njia hii haifanyi kazi wameshindwa hapa.

Mwaga mchanganyiko taratibu kuzunguka ukingo. Kwa ukoko ulio juu ya usawa wa maji, lowesha tambara ndani ya mchanganyiko, ulibandike juu yake na uliache humo, kwa sababu asidi inayotiririka haina muda wa kufanya kazi. Kwa choo cha kuchuchumaa fanya hivyo hivyo kwenye sehemu za kukanyagia, mradi ziwe za kauri.

Zipo nyuso ambazo asidi, hata hii nyepesi, haitakiwi kugusa. Sakafu ya terazo, saruji tupu, marumaru ya jiwe halisi, na kuta za zamani zilizopigwa lipu ya chokaa zina chokaa ndani yake, na asidi haichagui kati ya ukoko na sakafu. Ikidondoka hapo, futa na umwage maji mara moja. Vigae vyenyewe havidhuriki, lakini saruji nyeupe iliyo kati ya vigae huliwa polepole.

Acha kwa usiku mzima, choo kisitumike. Kama haiwezekani, saa tatu hadi nne zinatosha kulegeza tabaka la juu.

## Hatua ya 6: Sugua, suuza, rudia

Asubuhi ondoa matambara na usugue kwa brashi. Ukoko uliolegea hutoka kama mchanga au vipande vyembamba, na maji hugeuka rangi ya chai. Suuza kwa ndoo moja ya maji.

Ukoko wa miaka mingi hautoki kwa mara ya kwanza, na hiyo si ishara kwamba unahitaji kitu kikali zaidi. Asidi huyeyusha tabaka ililoligusa, kisha nguvu yake huisha. Rudia hatua ya 5 usiku unaofuata, na mwingine tena kama ukoko ni mnene. Umefanikiwa pale kidole kilicho ndani ya mpira kinapoteleza juu ya kauri bila kukwaruza. Rangi iliyobaki kidogo mahali palipo laini haina madhara.

## Kuhusu asidi kali inayouzwa mitaani

Mtu asiye na subira ataambiwa sokoni kwamba kuna dawa ya dakika tano. Anapewa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina karatasi, mdomo wake umefungwa kwa nailoni chini ya kifuniko, na ndani yake mna majimaji yenye unjano hafifu ambayo ukifungua hutoa moshi mwembamba mweupe. Moshi huo ni asidi ya haidrokloriki ikipanda hewani na kukutana na unyevu. Hufanya hivyo hivyo ndani ya pua yako.

Ushauri wangu ni kuiacha. Huondoa ukoko kweli, lakini hula pia saruji iliyoshikilia choo, huozesha vyuma vya bafuni, na chupa yake hufanana na maji. Sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani iliweka masharti ya kemikali kama hizi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia. Chupa isiyo na jina la kilichomo, nguvu yake wala onyo haijakupa hata njia ya kumweleza daktari umepatwa na nini.

Atakayeamua kununua dawa kali anunue iliyo kwenye chupa yake ya kiwandani, na asome alama zilizo ndani ya pembe nne zenye mpaka mwekundu. Picha ya majimaji yanayodondoka juu ya mkono na chuma maana yake ni kwamba kitu hicho hula ngozi na macho. Picha ya mti mkavu na samaki aliyekufa ni onyo kwamba kina sumu kwa viumbe wa majini. Zikiwemo zote mbili kwenye chupa moja, fikiria upya.

## Hatua ya 7: Kuua vijidudu, pale tu inapohitajika, na siku nyingine

Choo kilichosafishwa kwa sabuni na kusuuzwa kinatosha kwa siku za kawaida. Jiki ina siku zake: nyumbani kuna mgonjwa wa kuhara au kutapika, kuna tishio la kipindupindu, au damu imemwagika. Siku hizo zikija, acha angalau siku nzima ipite tangu ulipotumia asidi, na uwe umesuuza kwa maji mengi.

Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Jiki nyingi huandikwa asilimia 3.5. Kwa hiyo, ukichukua vijiko viwili vya chakula ukavitia katika lita moja ya maji, unapata nguvu ya takriban asilimia 0.1, ambayo ndiyo kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nyuso za kawaida. Kwa damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa, kiwango ni asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji. Chupa ikiwa ya asilimia 5, punguza kipimo: mililita 20 kwa lita moja kwa nyuso za kawaida, na sehemu moja kwa tisa kwa kazi nzito.

Futa uchafu kwanza, kwa sababu klorini hutumika kupambana na uchafu kabla haijafikia vijidudu. Tumia maji baridi. Acha juu ya uso kwa dakika 10, kisha suuza. Mchanganyiko wa leo usiutumie kesho, na chupa yenyewe usiiweke dirishani: joto na jua la pwani huimaliza nguvu, na jiki iliyokaa miezi kadhaa juani inaweza kuwa maji yenye harufu tu.

Jiki isiyopunguzwa usiimwage kamwe katika choo chenye mkojo uliotuama au shimo linalonuka mkojo mkali. Amonia iliyomo humo ikikutana na klorini hutoa gesi nyingine, kloramini, nayo huunguza njia ya hewa. Spiriti nayo haichanganywi na jiki.

## Hatua ya 8: Maji machafu yaende wapi

Mchanganyiko wa ndimu ya unga uliokwisha kufanya kazi umwage chooni pamoja na maji mengi. Umeshapoteza ukali wake kwa chokaa, na kilichobaki huliwa na bakteria wa kwenye karo, yaani shimo la maji ya choo, bila shida.

Jiki ni habari nyingine. Karo hufanya kazi kwa sababu ya bakteria wanaokula kinyesi na kukigeuza maji na gesi, nao hawatofautishwi na vijidudu unavyotaka kuua. Kiasi kidogo kilichopunguzwa hakiwamalizi, lakini anayemwaga chupa nzima kila wiki anaua wafanyakazi wake mwenyewe, kisha anashangaa karo kujaa mapema na kunuka. Kostiki kwa wingi huleta matokeo hayo hayo.

Usimwage kwenye mtaro wa barabarani. Mitaro ya mjini haina mahali pa kusafishia. Mvua ikija, kilichomo huelekea baharini, kwenye mikoko na kina kifupi ambako samaki wadogo hukulia. Pwani hiyo ndiyo yenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, yenye jina la samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009.

Usimwage pia uani karibu na kisima. Kanuni inayotumika sana ni kuacha mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, lakini mwamba wa chokaa una nyufa, na maji hupita ndani yake haraka bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga au udongo, kwa hiyo hapa umbali huo ni wa chini na si wa kujivunia.

## Kuhifadhi

Kila kitu kibaki kwenye chupa yake ya asili, juu, mahali pasipofikika na mtoto, asidi na jiki zikiwa kwenye rafu tofauti ili moja ikivuja isidondokee nyingine. Kuhamishia kwenye chupa ya soda au ya maji ni kosa lisilo na udhuru wowote, hata kama ni kwa siku moja.

Neno moja kuhusu vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende vinavyowekwa kwenye masinki na makabati. Vingi ni nafthalini. Kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, ukiwemo ukanda huu wetu, nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Nguo za mtoto zisikae nayo.

## Ajali ikitokea

Ukisikia harufu inayochoma ghafla, au kikohozi kikakushika wakati wa kazi, toka nje mara hiyo. Usirudi kuchukua chupa wala kufunga mfuniko, na usijaribu kumwaga kitu kingine ili "kuipoza". Kaa wima mahali penye upepo. Kikohozi kikiendelea, au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali, na ufahamu kwamba mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya mtu kudhani amepona. Aliyevuta gesi nyingi asiachwe alale peke yake usiku huo.

Jichoni: fungua kope kwa vidole na umwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 ukiangalia saa, si kwa kukisia. Mipira ya mikono ivuliwe kwanza. Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa, mwaga maji mengi. Usipake siki juu ya kostiki wala magadi juu ya asidi.

Aliyemeza: asitapishwe, kwa kuwa kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa, ateme. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta, ingawa majirani watashauri hivyo kwa nia njema. Mpelekeni haraka kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo kwa walio mjini, na chupa yenyewe iende naye.

## Kuzuia ukoko usirudi

Mara moja kwa wiki, usiku, mwaga vijiko viwili vya ndimu ya unga vilivyoyeyushwa kwenye glasi ya maji, kisha sugua asubuhi. Anayesuuza kwa ndoo akinge maji ya mvua wakati wa masika na vuli na kuyatumia kwa suuzo la mwisho, kwa sababu hayana chokaa.

Kwa choo cha kuvuta, chunguza tangi. Tangi linalovuja kidogo kidogo hulowesha sehemu moja ya choo mchana na usiku, na pale ndipo ukoko mnene kuliko wote huota, mara nyingi katika mchirizi mmoja ulionyooka. Tia kahawa nyeusi kidogo ndani ya tangi, usivute kwa nusu saa, kisha angalia ndani ya choo. Ukiona maji yamepata rangi, mpira wa chini ya tangi umechoka. Fundi hubadilisha kwa muda mfupi, na bila kuubadilisha utakuwa unayeyusha jiwe lile lile kila mwezi.